Roshani ya Dilys

Southport, 4 Machi 2018

Mdogo wangu Noreen,

Hujambo? Goti limepungua uvimbe, au bado unashuka ngazi kwa makalio? Mimi mzima, ila nina hasira ambayo hata chai haiitulizi.

Mwenye jengo ametuandikia. Roshani sita za mbele zimeoza vyuma, lazima zijengwe upya, na gharama tutagawana sawa wakazi wote ishirini na wanne. Paundi elfu tatu na mia mbili kila mmoja! Hata mimi wa huku nyuma, ninayefungua dirisha nikaona mapipa ya taka. Unajua nilivyouza nyumba yetu, mume wangu Harold alipofariki, nije kwenye hizi nyumba za wazee. Kumbe hawakutuuzia jengo, wametuuzia miaka ya kukaa tu. Kuta zao, paa lao, bili ndiyo yetu.

Na roshani nzuri kuliko zote ni ya nani? Ya Dilys Prosser, yule mjane wa kutoka Wales, ghorofa ya pili. Ana maua, ana bahari nzima, na kila jioni watu wanapanda kwake kama kuna harusi. Nikipita ananiita, "Muriel, mpenzi, panda tunywe chai!" Sipandi. Nikakodolee macho nitakachokilipia?

Njoo Pasaka. Tukae wawili tu.

Dada yako,
Muriel

Wigan, 12 Aprili 2018

Dada Muriel,

Salama huko? Goti linaniruhusu sasa hata kukimbilia basi. Ahsante kwa Pasaka.

Usisikie kwa wengine: ile Jumapili ulipolala baada ya kula, nilipanda kwa Dilys. Nimecheka, dada, mpaka meno ya bandia yakataka kuruka baharini. Amenifundisha karata, akanitengeneza nywele. Akaniuliza, "Dada yako nimemkosea nini?" Nikamjibu, "Hujamkosea. Utotoni, mimi nilipopewa mwanasesere, yeye aliugua homa ya wivu."

Si tajiri kama unavyodhani. Ana pensheni ya serikali tu. Hizo elfu tatu ameomba alipe kidogo kidogo.

Mdogo wako,
Noreen

Southport, 20 Aprili 2018

Noreen,

Mimi mzima.

Kwa hiyo nilikupikia kondoo, nikakutandikia kitanda, ukangoja nisinzie ukatorokea juu. Na nywele ulizosema umezitengeneza mwenyewe! Mimi nikakusifu!

Nimeusoma mkataba wangu neno kwa neno. Unasema roshani ni sehemu ya nyumba ya mkazi mwenye nayo. Basi mwenye nayo aitengeneze. Nimepeleka shauri kwenye baraza la kesi za nyumba. Usidhani ni kwa sababu yako.

Muriel

Wigan, 2 Mei 2018

Dada,

Nimekupigia simu mara mbili, umekata. Huumwi, natumaini.

Nakuomba uondoe hilo shauri. Wale sita wakibebeshwa peke yao, ni karibu elfu kumi na tatu kila mtu. Dilys hana, na hatazipata. Kama elfu tatu zinakuuma, nitakusaidia nusu. Niuzie hasira yako kwa bei hiyo.

Mdogo wako,
Noreen

Southport, 9 Novemba 2018

Mdogo wangu Noreen,

Vipi hali? Kimya kirefu, miezi sita. Baridi imeanza, kikohozi nacho kimerudi.

Nilishinda lile shauri tangu kiangazi. Wenzangu wa nyuma walinipigia makofi ukumbini. Dilys alikuja na koti lake zuri, akasikiliza hadi mwisho. Nje akanisogelea.

"Ulijua kwamba sina?"

"Nilijua."

"Basi hongera," akasema, akaenda kituo cha basi.

Mwezi uliopita ameiuza nyumba yake kwa bei ya kutupa, akahama. Hakuaga mtu. Walionunua ni mume na mke wanaokuja wikiendi tu, na hawakai roshanini kabisa. Wale walionipigia makofi wakikutana nami kwenye lifti wanatazama vitufe.

Krismasi nakuja kwako. Nitandikie chumba cha nyuma.

Dada yako,
Muriel

Wigan, 16 Novemba 2018

Dada Muriel,

Pole na kikohozi, chemsha limau na asali.

Chumba cha nyuma kina mtu. Dilys yuko hapa tangu Oktoba. Sikumchukua ili nikukomoe. Alikuwa anatafuta pa kupanga kwa umri wa miaka themanini na moja, nami nina kitanda kitupu. Ndiyo yote.

Noreen

Southport, 20 Januari 2019

Noreen,

Natumaini nyote wawili mmeamka salama. Hilo neno "wawili" limenigharimu barua tatu nilizozichana.

Krismasi nilikula peke yangu. Nilikuwa nawaza: sasa mnafungua zawadi, sasa anakukanda goti, sasa mnacheka. Kilichonichoma si kingine, ni kicheko. Kwangu hujacheka hivyo tangu tulipokuwa wasichana. Nilimnyang'anya yule mwanamke nyumba, naye akapata nilichokuwa nakitaka mimi.

Nataka kuja Jumapili moja, chakula cha mchana tu, nirudi na treni ya jioni. Usinijibu wewe. Akikubali, aandike yeye.

Dada yako,
Muriel

Wigan, 27 Januari 2019

Bi Muriel,

Hujambo. Goti la Noreen ni zuri, kifua changu si kibaya.

Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Usije ukitegemea hilo.

Lakini kila Jumapili mdogo wako anaweka sahani tatu mezani. Halafu anaitazama ile ya tatu, anairudisha kabatini, anajifanya alikosea hesabu. Nimechoka kumwangalia.

Tunakula saa saba. Usichelewe.

Dilys Prosser