Sajenti Haoni Mizimu

Jumanne, Nateete

Sitapiga mayowe. Nimeshasema, na hata wakinifukuza sitapiga.

Tangu Stella, nyota wetu, ahamie Nairobi, mwongozaji Kato anatafuta mtu mwingine wa kuona mizimu kwenye tamthilia. Leo skripti imeniangukia mimi: Sajenti Adong anaona mzimu, anapiga mayowe, anaangusha tochi. Huyo Sajenti nimemwigiza miaka mitatu, na siku zote yeye ndiye asiyeamini. Mzimu ukipita mbele yake, anamulika sakafu kutafuta nyayo za mwizi.

Basi nikamulika sakafu. Mzee anayeigiza mzimu amesimama hapo na unga wake usoni, mimi natafuta nyayo. Kato akasimamisha kamera. Tukarudia mara tatu.

"Kwani wewe huoni?" akauliza.

"Mimi naona. Sajenti ndiye haoni."

Akafunga skripti, akasema tutaongea kesho. Naogopa, sitajidanganya. Kazi nyingine sina, na kurudi kwetu Kisumu mikono mitupu...

Jioni nikapita sokoni kununua ndizi za matooke. Mama muuzaji akanitambua.

"Sajenti, wewe bado tu hujaona hiyo mizimu?"

"Bado, nyabo," nikamjibu kwa heshima ya huku.

"Afadhali. Siku wewe utaona, sisi huku tutalala namna gani?"

Nikamlipa. Nikavuka barabara hadi dukani, nikanunua betri mpya za tochi ya Sajenti.