Baba Alifariki Jumapili, Kwangu Ilikuwa Jumamosi

Mama Pisila mpendwa, nishike mkono maana nimezama. Mimi ni Fehoko, mtu wa Pangai kule visiwa vya Tonga, mwaka wa sita sasa napakia mizigo kwenye ghala hapa Salt Lake, Marekani, ambako theluji imefika magotini na jirani anakuuliza hujambo huku anafunga mlango wa gari, wala hangoji jibu, si kama nyumbani Tonga ambako hupiti njiani bila kuulizwa unakwenda wapi na ukasimama ukajibu, na nyinyi huko mko mbele yetu kwa saa ishirini, kwa hiyo mkiwa kanisani Jumapili sisi bado tuko Jumamosi, na mimi nikipumzika Jumapili yangu dada yangu Kalolaine yuko kazini Jumatatu, yaani hatukutani kamwe. Desemba binamu yangu alioa, Jumamosi saa kumi na mbili jioni nilikuwa nacheza harusini, simu ikaita, nikaona ni dada, nikajiambia huko ni Jumapili mchana, wameshiba, anataka maongezi tu, nikaizima. Kesho yake akanipigia tena.

"Baba ametutoka. Nilipokupigia jana alikuwa bado anapumua," akasema. "Nilimwekea simu sikioni asikie sauti yako tu. Huku Jumapili hata mpira hauchezwi, wewe video yako inazunguka mitandaoni unakata viuno!"

Kwa ujinga wangu nikajibu, "Dada, huku ilikuwa bado Jumamosi."

"Basi kaa na Jumamosi yako." Akakata.

Hatujazungumza tena. Januari nimepata binti, na kwetu jina hutolewa na shangazi, kwa heshima ya dada nimemtuma mke wangu Siniva apige mara mbili, dada hapokei, na Siniva amechoka, "Wiki tano mtoto anaitwa Mtoto, mpe jina wewe basi!" nami siwezi, nikitoka kazini nakaa garini peke yangu naongea Kitonga hadi vioo vinapata ukungu. Nifanye nini?

*Mama Pisila anajibu:*

Fehoko, pole kwa baba. Ishike pole hiyo, maana yanayofuata hayana sukari.

Unanipigia hesabu za saa ili iweje? Simu uliiona, ukaizima. Ungeizima hata kama ungekuwa nyumba ya tatu kutoka kwa Kalolaine. Pangai nako wamo wanaochoka kusikiliza ndugu zao, na huko Salt Lake wapo wanaoacha kazi wakauguze wazazi. Usiisingizie nchi. Kwamba hukujua baba anakata roho, sikuhukumu. Kilichomchoma dada yako ni lile jibu lako, yeye ametoka kumfumba baba macho peke yake, wewe unamsomea kalenda. Halafu unamtuma mke! Kumheshimu dada si kujificha nyuma ya mgongo wa Siniva.

Jumamosi hii omba ruhusa kazini. Saa saba mchana kwako, kwake ni saa tatu asubuhi Jumapili, ibada haijaanza. Piga mwenyewe. Usitaje theluji, usitaje harusi. Sema, "Dada, niliiona simu ikiita, nikaizima. Nisamehe." Kisha mwombe jina la binti, na atakalotoa ndilo, hata Siniva akikunja uso. Akikata, piga Jumamosi inayofuata, na nyingine. Asipokata, akabaki kimya tu, usiseme neno. Nyamaza naye mpaka azungumze.