Paja Shavuni

Jumatatu, 3 Machi

Natangaza rasmi: leo saa tatu asubuhi nimenyolewa paja la kushoto. Na muuguzi! Mimi, kinyozi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili! Ananyoa kinyume cha vinyweleo, kama anamenya viazi.

Kesho daktari ataondoa uvimbe shavuni, kisha atakata kipande cha paja — ngozi, mafuta na mshipa wake — akishone hapo. Mishipa ya damu ataiunga kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikipita, kipande kitaishi. Isipopita, nabaki na tundu.

Mke wangu kawaza weee, kisha akauliza: Kwa hiyo nikikubusu shavu mbele ya mama yako, nabusu paja? Daktari alikohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Nipo! Siruhusiwi kuongea, basi naandika. Kila saa muuguzi ananigusisha shavuni kidude cha kusikiliza mshipa: shwaa, shwaa, shwaa. Wodi nzima inasikiliza kama redio. Jirani yangu, dereva wa lori aliyevunjika mguu, anauliza kama kuna marudio.

Kahawa marufuku. Eti inabana mishipa.

Jumamosi, 8 Machi

Shwaa.

Ijumaa, 14 Machi

Vinyweleo vimeota! Vya paja, usoni! Tena vimelala kuelekea sikioni, vinapishana na ndevu zangu halali. Nilivumilia hadi saa nne. Kisha nikaazima wembe wa dereva. Mkono haujasahau kazi! Laini, safi — mpaka kioo kikanionyesha damu.

Muuguzi akaja juu: Baba, una wazimu? Watu wameshona kutwa nzima, wewe unakwangua?

Daktari akaja mbio. Akapangusa, akainama, akacheka: Damu nyekundu, tena inatoka vizuri. Kipande kimeshika! Jumatatu naenda nyumbani! Dereva akapiga makofi. Muuguzi akageukia ukutani — lakini nimemwona, anatabasamu.

Mke wangu kaingia katikati ya shangwe. Akachungulia mlangoni, labda mama yangu yupo. Hayupo. Akanibusu palepale, kwenye paja! Akarudi nyuma, macho yanang'aa.

"Umehisi?"

Nimefungua daftari kana kwamba nimekumbuka jambo. Bado anasubiri.

Rangi yake ya mdomo naiona kwenye kioo. Sikuhisi kitu.