Nilivyomwangusha Godeliva

Cheyo, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unalifunga kitambaa ukienda msikitini? Mimi huku mwili mzima, moyo ndio mgonjwa, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Unajua nawafundisha wanafunzi wa chuo jinsi Kiingereza kinavyounganisha dunia. Nawaambia hakina mwenyewe tena: Mchina na Mbrazili wanakitumia kufanyia biashara, Mwingereza hayupo wala haulizwi. Nawatolea mfano wa hapahapa Tabora, wapagazi wa misafara walivyokichukua Kiswahili chetu cha pwani wakakifanya chao bila kutuomba ruhusa. Hapo darasa hucheka, nami najiona mwalimu kweli.

Godeliva, niliyemfundisha mwenyewe, binti wa wakulima wa Ulyankulu, aliyaamini maneno hayo kuliko mimi. Wiki iliyopita aliitwa kwenye usaili wa kazi ya kufundisha hapa chuoni. Tulikaa watatu kumsaili, nami nikiwemo. Akaingia, akapiga goti kidogo, akaanza kutujulia hali kwa Kiingereza, mmoja mmoja, kama wanavyofanya kwao: mmeamkaje, nyumbani hawajambo, mvua imewafikia? Mwenyekiti wetu, mzee aliyesomea Ulaya, akamkata.

"Binti, hiki ni Kiingereza cha wapi? Au umeona tuko msibani?"

Godeliva akanitazama. Alikuwa anangoja niseme neno, mama. Nikajifanya nasoma karatasi. Alipotoka, mwenyekiti akaniuliza naonaje, nikasema lugha yake haijakomaa, nikatia saini. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya yule mzee, basi, hakuna sababu nyingine. Kazi akapewa mwingine, naye amerudi kulima tumbaku.

Jana baba yake akaja ofisini na dumu la asali. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Binti yangu anasema baada ya yeye kutoka mle ndani, lazima wewe ulimpigania. Ahsante sana, baba."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamsindikiza hadi stendi, tukizungumza habari za mvua. Leo nimeshindwa kuingia darasani, na kesho sijui.

Nisalimie dada Mwanaidi na wanawe, na shangazi anayekupikia. Na baba mdogo, anayewatangazia watu barazani kwamba nafundisha vijana wasiuonee aibu ulimi wao, mwambie anyamaze.

Mwanao,
Salehe