Sumaku Nilizozinyoosha Mimi

Ujiji, Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki. Nami niko hivyohivyo.

Niko nyumbani likizo, mimi na kompyuta yangu na kiburi changu. Kwa asiyenijua: nasomea mashine zinazokimbiza protoni kwenye duara. Kila protoni ina spini, ni kama sumaku ndogo yenye upande wake. Zinaanza mbio zote zikielekea juu, na kazi yangu ni kukokotoa kama zitabaki hivyo hadi mwisho. Wiki iliyopita niliwaonyesha wenzangu kwa video kwamba zinabaki. Walinipongeza sana. Sasa wataipanga mashine kwa kufuata grafu yangu.

Leo nilimpelekea Baba chai Kasingirima, anakojenga ukuta wa mtu. Ni mwashi tangu sijazaliwa. Nikaanza kujigamba, nikamchorea duara mchangani na sumaku kubwa zilizopangwa kulizunguka ili kuziongoza protoni.

"Zote zimekaa sawa?" akauliza.

"Zote, Baba."

Akacheka. "Binti yangu, mimi navuta kamba, naweka pima maji, na bado tofali moja linaniumbua. Hao mafundi wenu ni malaika?"

Nilicheka pia. Halafu nikakumbuka.

Wiki ile umeme ulikuwa unakatikakatika, hesabu haziishi. Ili ziende haraka, ndani ya hesabu niliziweka sumaku zote kwenye mstari kamili, bila kasoro, nikijiambia nitazirudisha zilivyo.

Sikuzirudisha.

Sumaku ikipinda hata unene wa unywele, inazipiga spini kikumbo kidogo kila mzunguko. Kasi ikifika mahali fulani, vikumbo vinaanza kujumlishana. Mchana huu nimerudia hesabu pamoja na kasoro halisi za sumaku. Katikati ya mbio spini zimetawanyika, kila moja na upande wake.

Naona aibu. Na nakiri, nilifikiria kunyamaza. Niliwaandikia wenzangu barua pepe nikaifuta mara tatu.

Alasiri Baba amerudi na saruji hadi kwenye nyusi, anamlalamikia Mama kwamba amebomoa kozi mbili za matofali zilizopinda, mwenye nyumba amesimama pale pale anamtazama. Amelalamika, amenawa, ameomba ugali.

Nimeandika mara ya nne: "Sumaku hazijanyooka. Nilizinyoosha mimi." Nimetuma.

Sasa nitamwambiaje Baba, ambaye jana aliwatangazia mafundi wenzake wote kwamba hesabu za binti yake hazipindi?