Maneno Niliyompa Rubani

Nyaishozi, Karagwe
16 Aprili 2024

Kaka Theoneste,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi nyumbani hatujambo. Mama anapalilia maharage, na Baba ana nguvu zake zote, pamoja na ile sauti.

Habari kubwa ni ile tamthilia yako ya Waingereza ya safari za angani, iliyoanza kabla hata Baba hajaoa. Diski ulizoniachia sasa tunazionyesha kila Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa usharika. Mchungaji aliniuliza kama kuna uchawi ndani yake. Nikamwambia ni watu wenye chombo kibovu wanaosaidia wenzao, akaridhika.

Wewe ulikuwa unasema mgeni lazima aanze mwanzo. Nilijaribu, wakasinzia. Jumapili iliyofuata nikaruka miaka ishirini, nikaanza na kisa cha rubani anayekataa kumwacha mgonjwa kwenye sayari inayoungua. Hapo hakuna aliyesinzia. Mimi husimama kando ya televisheni nikitafsiri kwa Kinyambo, na kazi hiyo naiweza. Mama Eugenia, yule muuza ndizi, alitaka kujua watu wa angani wanalima wapi. Nikamwambia hawalimi. Akasema ndiyo maana wamekonda. Siku hizi yeye ndiye anayewaeleza wageni nani ni nani, na akikosea simsahihishi.

Jumapili ya tano akaja Baba. Ndiyo, Baba huyu huyu ambaye tangu uache chuo cha ualimu, miaka sita sasa, hajataja jina lako. Alikaa karibu na mlango. Katika kisa cha siku hiyo rubani anarudi kwao, anamkuta baba yake amesimama kizingitini, na wanatazamana muda mrefu.

Hapa ndipo ninapopaswa kukiri. Kwenye filamu rubani hasemi kitu. Mimi ndiye niliyemsemesha. Nilisema kwamba hakuondoka kwa kudharau jasho la baba yake. Alifeli mtihani, akaona aibu kumwambia. Ni maneno yako, Kaka, uliyoniapisha nisiyatoe.

Tukiwa njiani kurudi, Baba aliniuliza kama kweli rubani alisema vile. Nikajibu hapana, alisema Theoneste. Tulipopita mashine ya kukoboa kahawa akasema, "Miaka yote hii nilidhani alinidharau." Kisha akaniuliza kama anwani yako ninayo.

Nimevunja kiapo, na kwa hilo naomba unisamehe. Sitasema kwamba najuta, maana nitakuwa nadanganya. Ile karatasi nyingine ndani ya bahasha ni ya Baba. Ameiandika mwenyewe kwa siku mbili, na mimi sijaisoma. Isome ukiwa umekaa.

Mama anakusalimu sana, anamsalimu na wifi Joanitha.

Ni mimi mdogo wako,
Joviana