Mama, Albamu Yako Inaniibia Sauti Yako

Mama yangu,

Papa anaipiga albamu yako ya nyimbo za kikauboi tangu anapofungua duka mpaka tunapolala. Spika ameitundika juu ya mlango. Mtaa wetu wote hapa ugenini Diepsloot sasa unakujua. Watoto wakija kununua mkate wanaimba kibwagizo chako cha farasi, na wewe farasi hukuwahi hata kumgusa. Juzi mteja mmoja alimwambia Papa, "Eish, baba, huyu cowboy wako wa Lubumbashi hachoki?" Papa alimpa chenji yake.

Watu wanafikiri nafurahi kukusikia. Mama, sifurahi. Nimesahau sauti yako.

Siyo ya kuimba. Hiyo naijua mpaka pale unapovuta pumzi. Nimesahau ile ya kuniamsha. Ile uliyokuwa nayo kule mjini Marshalltown, ukisuka nywele kando ya barabara, ukimwambia mteja, "Weye, tuliza kichwa, siyo usukani hiki!" Maneno ninayo. Lakini nikijaribu kuyasikia, unayaimba. Gitaa linaingia, na wewe unapotea. Najifungia chooni, naziba masikio, nakutafuta. Sikupati. Kwani mtu anakufa mara ngapi?

Mtihani wa matric wa kumaliza sekondari nimefanya, nimefaulu. Siku ya matokeo nilitaka kukusikia ukisema chochote, hata kunigombeza. Kimya. Basi nikafanya jambo ambalo usingeliamini. Nilikwenda mjini peke yangu, nikapanda ngazi mpaka kwa Serge, aliyekurekodi, nikagonga mlango. Mimi, ninayeogopa hata kumwambia dereva anishushe. Nikamwomba vile vipande vya katikati ya nyimbo, unapokosea, unapocheka, unapoomba maji.

Serge aliinamisha kichwa. "Dada, mimi nasafisha. Wimbo ukikamilika, mengine yote nafuta. Na mama yako mwenyewe ndiye aliyeniambia, 'Serge, uchafu wangu wote toa.'"

Uchafu, Mama! Huo uchafu ndio niliokuwa nautaka.

Niliporudi, albamu ilikuwa inalia dukani. Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikachomoa waya wa spika mbele ya wateja wote. Papa akaja mbio.

"Gloria! Rudisha!"

"Papa, siwezi kumsikia Mama."

Aliniangalia kama mtu asiyejua Kiswahili. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, mimi nikizima ndipo namsikia. Anakohoa. Ananiita."

Sikujua. Miezi yote hii nilidhani anaipiga albamu kwa sauti kubwa ili ubaki nasi. Kumbe anakukimbia.

Wateja walipoondoka nikamuuliza, "Anakuitaje?" Hakutaka kusema. Nikamuuliza tena. Nikamshika mkono, nikamuuliza tena. Mwishowe akafumba macho. "'Papa Gloria... njoo. Usiwashe taa.'" Alisema kwa sauti ya chini, akilivuta lile neno "njoo" kama ulivyokuwa ukilivuta, nusu unaomba, nusu unaamuru. Halafu akalia, mikono juu ya mikate.

Na mimi nikakusikia. Kidogo tu, kama mtu anayepita nje ya dirisha. Papa aliponyamaza ukawa umeshaondoka.

Sasa akifunga duka, tunaizima albamu kwa muda mfupi. Yeye anakaa, ananiambia ulichosema siku fulani na jinsi ulivyokisema. Mimi nasikiliza. Jana alinishika bega akasema, "Inatosha, mwanangu," nami nikamwomba kimoja tu zaidi. Akanipa. Hakula chakula. Ninamuumiza ili nikupate, Mama, na sijui jinsi ya kuacha. Ningekuwa na wewe ningekuuliza. Ungejua la kuniambia, na ungelisema kwa ile sauti.

Pumzika, Mama. Nakuaga hapa kwa sababu nasikia anavuta mlango wa duka, na atakuja kukaa karibu yangu. Leo nakuahidi hili moja, ingawa mkono unakataa kuliandika: akisema tena kwamba inatosha, nitainuka mimi mwenyewe niwashe albamu, hata kama nitakuwa bado sijakusikia.

Mtoto wako,
Gloria